Matundu Manne ya Karavani

Damaris alikuwa amepiga magoti chini ya sinki, ncha ya teipu ameibana kwa meno, kiganja kimekandamiza kipande cha foili juu ya tundu la nne. Matatu alikuwa amekwisha kuyaziba. Hili la mwisho ndilo lilikuwa jeuri. Mchanga ulipenya hapo kama unga kwenye chekecheo, mwembamba, mweupe, bila haraka yoyote, na kila alipoufuta ulirudi pale pale.

"Mama Tiffany," sauti ya Scovia ilitoka chini ya mablanketi matatu, upande wa pili wa karavani, "unatufunga kama samaki wa mkebe."

"Samaki wa mkebe haozi. Lala."

"Haozi kwa sababu alishakufa zamani."

"Mgonjwa gani ana mdomo hivyo? Nyamaza homa ikusikie."

Scovia akacheka, na kicheko chenyewe kikakatwa na kikohozi. Damaris akararua teipu, akaipiga ukutani kwa ngumi, pande zote nne, kisha akapitisha kidole kuzunguka ukingo. Hakuna kitu. Hata pumzi haikupita. Akajisikia vizuri, ile raha ndogo ya mtu aliyemaliza kazi na kuimaliza sawasawa.

Mtu wa nyumbani akisikia jangwa la Katari anafikiria jua tu. Hajui kwamba mwezi wa kwanza jangwa lina baridi inayoingia kwenye vidole na kukaa humo mpaka saa nne ya asubuhi. Ndiyo majira ambayo familia zinatoka Doha kwenda kupiga kambi kwenye mchanga, na familia aliyoifanyia Damaris kazi haikukosa hata mwaka mmoja. Nyumba yao kubwa ilikuwa Abu Hamour. Kambi yao ilikuwa mbali huko kusini, mwendo wa saa nzima na zaidi kwa gari: hema refu la kupokelea wageni, hema la kulala, karavani ya bafu, na karavani hii ya jikoni ambamo Damaris alipika na ambamo yeye na Scovia, yaya wa watoto, walilala.

Juzi shamali, ule upepo mkali wa kaskazini, ilianza kuvuma. Siku hiyo hiyo Damaris aliyabandika madirisha teipu, yote mawili. Lakini jana, mbele ya wageni, Madam alipitisha kidole kwenye sahani, akakitazama, akasema neno moja la Kiarabu: raml. Mchanga. Akaiweka sahani chini polepole. Damaris hakutukanwa. Angetukanwa angelala vizuri zaidi. Jioni upepo ukazidi, familia ikarudi mjini, na Madam alipokuwa anapanda gari akasema watarudi kesho alasiri na watu kumi na sita, na hataki kusikia habari ya mchanga.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja Damaris aende nyumbani Nyamira. Likizo ya kwanza katika miaka minne. Tikiti ilikwisha kukatwa, ilikuwa ndani ya kabati la Madam, imelala juu ya pasipoti yake, na kabati lina ufunguo mmoja. Siku hizo kumi na moja alikuwa anatembea nazo kama mtu aliyebeba trei ya mayai kwenye matope. Kwa hiyo alikuwa tayari kuziba hata tundu la sindano.

Mlango ulifunguka kwa kishindo, na upepo ukamsukuma Eugene ndani.

"Funga! Funga!" Damaris alipiga kelele, akiruka kufunika bakuli la mchele kwa aproni.

Eugene aliuvuta mlango kwa mikono miwili. Alikuwa dereva wa nyumba, kijana wa Kakamega, na kabla ya kuja Doha alikuwa fundi wa redio na pikipiki chini ya kibanda cha mabati. Hakuweza kuona skrubu akaiacha bila kuigusa. "Mathe, natoka," alisema. "Nachukua nyama ya Madam, dizeli, na fundi wa jenereta nikimpata. Kitu ingine?"

"Dania. Na Panadol za huyu."

"Hita iko sawa?"

Wote watatu wakaigeukia hita. Ilikuwa katikati ya sakafu, imekaa juu ya mtungi wake mdogo wa gesi, uso umewiva mwekundu. Kwa kawaida ilikaa ndani ya hema la wageni, na huko iliwaka kutoka magharibi mpaka watu waondoke, bila tabu. Lakini jenereta ilipokufa jana, na hita ya umeme ya karavani ikafa nayo, Damaris aliichukua hii. Usiku hawakuiwasha. Hawakuwa wajinga, walijua hakuna kulala na moto. Lakini alfajiri mvua ya ghafla ilipita, Scovia akatoka kuingiza mazulia yasinyeshewe, akarudi ameloa mpaka kwenye mifupa, meno yanagongana, na hapo Damaris akaiwasha. Mchana ni mchana, alijiambia, macho yako wazi.

Ikawa inawaka robo saa, halafu, tak, inajizima. Ikiwashwa, inawaka kidogo, tak. Mara nne. Ndipo Eugene alipoitwa. Aliipindua, akafungua kifuniko cha nyuma, akachungulia, akacheka kama amemkuta mwizi anayemjua. "Hizi vitu zinatengenezwa ziharibike, mathe, ndio ununue ingine," alisema. Akafanya fanya na waya. Tangu saa hiyo hita haikuzima tena.

"Injinia," Scovia alisema kutoka kwenye mablanketi, "nikipona nitakupikia matoke."

"Umesema hivyo tangu Krismasi. Hayo matoke yameiva, yameoza, yameota tena."

"Enda zako!"

Eugene akaushika mlango ukingoni. "Na mlango?"

Kitasa cha ndani kilikuwa kimevunjika wiki iliyopita, upepo ulipounyakua mlango ukaupigiza ukutani, na mwenye nyumba, ambaye wote walimwita Baba, akamsema Eugene kwa nusu saa kwa kosa la upepo. Tangu hapo desturi yao ilikuwa moja: anayetoka mwisho anafunga komeo la nje na kuchomeka kijiti cha chuma.

"Funga la nje," Damaris alisema. "Huu mlango ukichukuliwa tena, utajieleza wewe mwenyewe kwa Baba."

"Na mkitaka kutoka?"

"Tutoke twende wapi? Sokoni?"

Wakacheka. Eugene akatoka, komeo likalia, kijiti kikaingia. Gari likanguruma, likazunguka hema, likamezwa na upepo.

Kukawa kimya. Si kimya cha kweli, maana shamali ilikuwa inausugua ukuta wa karavani kama mtu anayeparua sufuria, lakini ndani kulikuwa kumetulia. Hakuna pazia lililotikisika. Damaris alifuta meza, akangoja, akafuta tena kwa kidole. Safi. Akaitazama ncha ya kidole chake kama Madam alivyotazama cha kwake.

"Njoo sasa na kidole chako," alisema polepole kwa Kigusii.

Akawasha jiko, akaanza na vitunguu. Alikuwa anapika biriani ya kuku kwa namna aliyofundishwa na mama mzee wa nyumba hiyo, ambaye hakumfundisha mtu mwingine yeyote: kuku chini, wali wa nusu kuiva juu, zafarani, kisha ukingo wa sufuria unazungushiwa kamba ya unga uliokandwa, mfuniko unakandamizwa juu yake, na hapo hakuna kufungua. Mama mzee alikuwa akisema mvuke ukitoka hata kwa tundu moja, chakula kimekwenda.

"Mama Tiffany."

"Mm."

"Kichwa kinanigonga. Hapa, na hapa."

"Ni homa. Eugene analeta dawa."

"Tiffany atakujua?"

Damaris akaacha kukata. "Atakosaje kumjua mtu anayemwona kwenye simu kila Jumapili? Atanijua. Swali ni kama mimi nitamjua. Nilimwacha akiwa hapa," akaonyesha kiunoni kwa kisu, "sasa ananiambia viatu vyangu havimtoshi."

"Wangu nilimwacha hajaota meno," Scovia alisema. "Bradley. Sasa anauma watoto wa jirani." Akacheka kidogo, bila nguvu. "Nisikie usingizi namna hii kwa nini, na nimelala tangu asubuhi?"

"Mwili unadai. Lala."

Scovia akalala.

Damaris naye alianza kusikia kichwa. Kilianza nyuma ya macho, kidogo tu, kama kofia inayobana. Akajiambia homa ya Scovia imemrukia. Akaendelea. Akaosha mchele maji matatu, akautupia kwenye maji yanayochemka, akatia chumvi. Akachukua kisu, akakiweka. Alikuwa anatafuta nini? Akatia chumvi. Joto lilikuwa zuri. Lilimkumbusha jiko la mama yake Nyamira, msimu wa mvua: mama aliliwasha nje uani, akalipepea mpaka moshi wote mweusi uishe na makaa yawe mekundu, ndipo alipoliingiza ndani watoto wakalizunguka. Kibaya ni moshi, mama alikuwa akisema, moto mwekundu hauna neno. Na hii hita ya gesi haikuwa na moshi hata kidogo, hata harufu. Safi kuliko makaa. Akatia chumvi.

Alipoyaonja maji kwa ncha ya kijiko, akashtuka. Yalikuwa na chumvi kali kama maji ya bahari. Miaka minne kwenye jiko la watu hao hakuwahi kukosea chumvi, hata siku alipopigiwa simu kwamba baba yake amezikwa. Akacheka. Aliona ni jambo la kuchekesha sana. Akamwaga maji, akamwaga na mchele kidogo kwenye sinki, hakujali. Akapanga wali juu ya kuku hivyo hivyo, akakanda unga, akaanza kuuzungusha kwenye ukingo wa sufuria. Vidole vilikuwa vizito. Vilikuwa vidole vya mtu mwingine. Kamba ya unga ikamwanguka mara mbili, na mara ya pili alipoinama kuiokota magoti yakakataa kumwinua, akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye kabati, unga mkononi.

Hapo chini palikuwa pazuri. Angepumzika dakika moja. Hita ilikuwa inamtazama kwa uso wake mwekundu, naye akaitazama, akingoja.

Alikuwa anangoja nini? Akili yake ilikwenda polepole, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Alikuwa anangoja ijizime. Tak. Alikuwa amezoea asubuhi hiyo kuinuka kila mara kuiwasha, na sasa haikuwa inamwinua.

Kwenye hema haikujizima. Hapa ndani ilijizima. Hita ni ile ile.

Akautazama unga mkononi mwake. Akautazama mfuniko wa sufuria. Kwenye hema upepo unapita chini ya turubai usiku kucha. Nyumba ya mama, kati ya ukuta na mabati, ngumi ilipita. Na hapa? Macho yake yakaenda chini ya sinki, kwenye foili inayong'aa, teipu pande zote nne, safi, imenyooka. Yakaenda mlangoni. Yakaenda madirishani. Hata mvuke hautoki.

Haikuwa imeharibika. Ilikuwa inakataa kuwaka pasipo na hewa.

"Scovia," alisema.

Mablanketi hayakutikisika.

"Scovia!"

Alikwenda kwa magoti na mikono. Alipopita hita alikizungusha kitufe, uso mwekundu ukafifia. Akanyoosha mkono juu, akazima na jiko. Kisha akafika kitandani, akafunua blanketi. Scovia alikuwa amelala kama mtu aliyelala vizuri, mdomo wazi kidogo, na hilo ndilo lililomwogopesha Damaris kuliko kitu chochote. Alimpiga kofi. Akampiga la pili. Kichwa kilikwenda upande kikakaa huko. Akaweka sikio kwenye kifua: kulikuwa na pumzi, ndogo, ya mbali, yenye mapengo.

"Usiniletee mchezo huo, wewe! Sikia! Mama Bradley!"

Akamshika kwapani avute. Hakutikisika. Mikono ya Damaris, iliyokuwa inainua sufuria za kulisha watu hamsini, haikuwa na kitu ndani yake.

Akageukia mlango. Akausukuma kwa bega. Komeo likalia nje, kijiti kikacheka. Akaupiga kwa ngumi, akaita, "Eugene! Watu!" huku akijua vizuri kabisa kwamba Eugene alikuwa barabarani, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesema funga la nje. Kambi ya jirani ilikuwa nyuma ya kilima, na shamali ilikuwa inayachukua maneno kabla hayajatoka ukutani.

Akarudi kwenye tundu la chini ya sinki. Alilipiga kucha. Teipu haikutoka, alikuwa ameibandika vizuri. Ukucha ukakatika, damu, akavuta tena, kikatoka kipande cha upana wa kidole na mchanga ukamrukia machoni. Hakitoshi. Dirisha.

Dirisha lilikuwa juu ya meza, karibu na mlango, la plastiki nene, linalofunguka kwa nje kutoka chini. Karavani ilikuwa mpya msimu huu. Madam aliionyesha kwa kila mgeni, dirisha kwa dirisha. Damaris akachukua sufuria ndogo ya chuma na kwa muda, muda mfupi sana wa aibu, alisimama ameiinua, akaona kabati la Madam, ufunguo, tikiti, siku kumi na moja. Kisha akapiga. Sufuria ikaruka nyuma ikampiga begani. Dirisha halikupata hata alama.

Akalia. Akalia huku anatafuta kisu. Akakichomeka kwenye teipu, akakata pembe moja, pembe ya pili, akakata chini, kisu kikateleza kikamkata kiganja, akaendelea. Akavipindua vifungio viwili vya dirisha. Akasukuma kwa kichwa na mikono yote miwili, na upepo, upepo ule ule aliokuwa anapigana nao siku tatu, ukalishika dirisha ukaling'oa bawaba moja, ukaingia.

Hakuwahi kunywa kitu kitamu namna hiyo. Alikuwa ametoa kichwa nje, mchanga unamjaa mdomoni, naye anameza. Mara tatu, mara nne. Kichwa kikampasuka kwa maumivu, lakini akili ikarudi kukaa mahali pake. Dirisha halikuweza kumpitisha. Mwili wake ulikuwa mara mbili ya tundu hilo. Mkono ungepita. Akachukua upawa wa chuma, ule mrefu wa sufuria ya wageni, akautoa nje mpaka bega likabana, shavu limegandamizwa kwenye ukuta, na akaanza kutafuta komeo bila kuliona.

Chuma kiligusa chuma. Akapiga kutoka chini. Kijiti hakikutoka. Akapiga. Alipofikiria Scovia nyuma yake, na yale mapengo ya pumzi, alitaka kuharakisha, na kila alipoharakisha upawa ulikosa. Basi akafanya kama anavyokoroga uji usishike chini: polepole, bila hasira, mkono unajua. Akasikia kijiti kikipanda. Kikaanguka. Akalishika komeo kwa shingo ya upawa, akavuta, na mlango ukanyakuliwa ukapigizwa ukutani kwa kishindo kilichotikisa vyombo vyote kabatini.

Alimburuta Scovia pamoja na godoro. Kizingitini godoro lilikwama, wakaanguka wote wawili kwenye mchanga, mmoja juu ya mwingine, na Damaris akamvuta kwa blanketi mpaka upande usiopigwa na upepo, akamlaza ubavu, akampulizia uso, akamwita majina yote, lake, la mtoto wake, la Mungu. Scovia akatapika. Kisha akavuta pumzi moja ndefu, yenye sauti, kama mlango wa zamani. Hakufungua macho.

Simu ilikuwa ndani ya aproni. Kambini hapakuwa na netiweki. Ilibidi kupanda kilima nyuma ya jenereta. Damaris hakutaka kumwacha. Alimfunika, akamwambia, "Ukiacha kupumua nitakuchapa," akapanda kilima kwa mikono na miguu.

Juu, mistari miwili ikatokea. Kidole chake kikasimama juu ya jina la Madam. Sheria ilikuwa moja tangu siku ya kwanza: kitu chochote kikitokea, mimi kwanza. Usiite mtu. Mimi kwanza. Damaris alilitazama jina hilo, kisha akafinya tisa mara tatu.

Mwanamume wa upande wa pili alisema maneno ya Kiarabu, halafu ya Kiingereza. Damaris alimpa alichonacho, Kiingereza kidogo na Kiarabu cha jikoni. Mwanamke, gesi, hapumui vizuri. Wapi? Mchanga, alisema, mahema, baada ya barabara ya lami. Kambi gani? Kibao chenye namba ya kambi kilikuwa kule chini kimempa mgongo. Lakini namba yenyewe alikuwa ameiandika kwa kalamu nene kwenye kila sanduku la vyombo walipohama, masanduku thelathini na moja, mpaka mkono ukamuuma. Akaisema. Akairudia. Mtu yule akasema wanakuja, asirudi ndani.

Eugene alifika kabla yao. Aliliacha gari linanguruma, akawaona mchangani, akaona mlango unaning'inia, na akaelewa nusu yake.

"Mathe. Ni nini?"

"Ni hita."

Alisimama. Mfuko wa dania ulikuwa mkononi mwake unapepea. "Mimi nilitaka tu msisikie baridi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. Kisha akapanda ndani ya karavani upesi, na Damaris akasikia skrubu, akajua anachofanya.

"Eugene! Toka humo. Usiguse huo waya."

"Mathe, watanifunga."

"Na mimi niliziba matundu. Acha waya. Acha na teipu. Waje waone vyote, ndio wajue wamtibu kwa ugonjwa gani."

Alitoka. Akakaa chini kando ya Scovia, akaushika mguu wake mmoja uliokuwa nje ya blanketi, hakuuachilia mpaka gari la wagonjwa lilipotokea juu ya mchanga.

Watu wawili wenye sare walishuka. Mmoja aliingia karavani na kifaa kidogo mkononi, kikaanza kulia kabla hajapita kizingiti, akatoka haraka anatikisa kichwa. Mwingine alikuwa amekwisha kumvika Scovia barakoa na mtungi. Kisha akamshika Damaris kidole, akakibana kwa kitu kama kibanio cha nguo, akatazama.

"Wewe pia," alisema. "Panda."

"Mimi siumwi. Nina watu kumi na sita."

"Panda, mama."

Alipanda hana viatu. Walimvika barakoa naye, wakamkalisha kwenye kiti cha pembeni, mkanda kifuani. Mlango ukafungwa kutoka nje, naye akaukodolea macho mpaka yule mtu akamwonyesha kwa kidole kishikio cha ndani, kinavyokwenda chini, kinavyokwenda juu.

Gari likaanza kuyumba juu ya mchanga. Simu ikatetemeka mapajani mwake. Madam. Ikanyamaza. Madam. Damaris aliiacha itetemeke. Mkono mmoja ulikuwa umefungwa bendeji, na wa pili ulikuwa umemshika Scovia vidole, navyo vilikuwa vya moto kidogo, havijamshika yeye.

Walipofika lami gari likatulia, king'ora kikaanza. Damaris aliinama. Ndani ya barakoa ya Scovia, kwenye plastiki safi juu ya mdomo, mvuke mdogo ulitokea, mweupe, wa upana wa shilingi. Ukafifia. Damaris akashikilia pumzi yake mwenyewe. Plastiki ilibaki wazi, wazi, wazi, nguzo za barabara ya Doha zikipita dirishani moja moja. Kisha ukatokea tena.